Kusoma Nota za Muziki kwa Anayeanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanakwaya wa Mwanza

Maswali yaliyo hapa ndiyo wanayouliza wanakwaya, wapiga vinanda wanaoanza, na wazazi wenye watoto wapenda muziki, katika parokia na sharika za Nyamagana na Ilemela, na ng'ambo ya maji huko Sengerema na Ukerewe. Majibu yameandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kusoma nota hata moja lakini anaimba kila Jumapili. Anayeanza bila kuimba kabisa naye atanufaika, ila ajiunge kwanza na kwaya yoyote iliyo karibu naye, kwa sababu nota zisizopita kooni hazikai kichwani.

Je, haiwezekani kuimba vizuri bila kujua nota?

Inawezekana, na wengi wanafanya hivyo maisha yao yote. Kwaya zetu nyingi hufundishwa kwa kusikia: mwalimu huimba sauti ya kwanza, wenye sauti hiyo wakarudia, kisha huhamia kwa alto, teno na besi, na siku hizi kabla ya mazoezi hutuma kwenye kundi la WhatsApp rekodi nne, kila sauti na yake. Njia hii hunoa sikio na kumbukumbu, wala si ya kubezwa.

Udhaifu wake uko mahali pawili. Kwanza, kwaya nzima humtegemea mtu mmoja, na mtu huyo akihamishiwa kikazi Geita au Shinyanga, nyimbo mpya hukoma hadi apatikane mwingine. Pili, kosa la mwalimu huwa kosa la wote, na likishakaririwa kwa miezi mitatu halitoki tena. Lakini sababu ninayoiona kuwa nzito kuliko hizo ni muda wa mazoezi. Jioni ya saa mbili, sehemu kubwa huishia katika kukariri, na matamshi, pumzi na maana ya maneno hubakiziwa dakika za mwisho watu wakiwa tayari wanawaza daladala. Wakiwepo wasomaji wawili tu katika kila sauti, wengine huwafuata, na mwalimu anapata nafasi ya kufanya kazi yake ya kweli.

Mimi najua sofa tu. Je, hiyo ni kusoma muziki?

Ndiyo, na asikuambie mtu kwamba hujui kusoma. Sofa, yaani kuandika muziki kwa silabi za do, re, mi, fa, so, la na ti, ni maandishi kamili ya muziki yenye historia ndefu. Mzizi wake ni mtawa wa Italia aliyeitwa Guido wa Arezzo, ambaye katika karne ya 11 aliwafundisha waimbaji wake kuzitambua nota kwa silabi alizozichukua kutoka mwanzo wa mistari ya utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Silabi ya kwanza wakati huo ilikuwa *ut*, ambayo baadaye nafasi yake ilichukuliwa na *do*. Katika karne ya 19 mwalimu wa Uingereza, Sarah Glover wa Norwich, alitengeneza mfumo wa kuandika silabi hizo kwa herufi tupu, na mchungaji John Curwen akauboresha na kuueneza. Wamisionari waliubeba hadi Afrika kwa sababu uliweza kuchapwa kwa mashine ya kawaida ya herufi na kuandikwa ubaoni kwa chaki bila kuchora mstari hata mmoja. Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya wa Afrika Kusini, aliutumia mfumo huohuo kuandika wimbo wake wa mwaka 1897 ambao mahadhi yake ndiyo ya wimbo wetu wa taifa.

Kwa asiyeifahamu, sofa huandikwa d, r, m, f, s, l, t. Mstari wima hutangulia pigo zito, nukta mbili hutangulia pigo jepesi, nukta moja huligawa pigo katika nusu mbili, na kistari humaanisha sauti iendelee kushikwa. Alama ndogo iliyo juu ya herufi huipandisha oktavu moja (umbali wa do hadi do inayofuata), na iliyo chini huishusha. Fa iliyopandishwa nusu toni (hatua ndogo kabisa ya sauti kwenye kinanda) huitwa fe, na ti iliyoshushwa huitwa ta. Hizo mbili zikionekana mara kwa mara, ni dalili kwamba wimbo unahama kwenda kwenye do nyingine.

Kama sofa inatosha, kwa nini nihangaike na mistari mitano?

Kwa sababu nyimbo nyingi za Kikatoliki zinazotungwa nchini husambazwa zikiwa zimechapwa kwenye mistari mitano, na mpiga kinanda hupata tabu kubwa kucheza sauti nne kwa mara moja kutoka kwenye herufi. Isitoshe, kwenye mistari jicho linaona umbo la wimbo: panapopanda panaonekana pamepanda, na panaporuka panaonekana pameruka. Kwenye sofa, *d* na *s* ni herufi mbili zilizokaa kimo kimoja.

Mistari mitano inasomwaje?

Mistari huhesabiwa kutoka chini kwenda juu, na kati yake kuna nafasi nne. Nota hukaa juu ya mstari au ndani ya nafasi, na kila kutoka mstari hadi nafasi inayofuata ni hatua moja ya herufi katika mfuatano wa A, B, C, D, E, F, G, ambao ukifika mwisho huanza upya. Alama kubwa iliyoko mwanzoni, iitwayo ufunguo, ndiyo inayosema herufi zianzie wapi. Ufunguo wa G hujizungusha kwenye mstari wa pili, nao unatuambia kwamba mstari huo ni G. Ufunguo wa F huanzia mstari wa nne, na nukta zake mbili huukumbatia mstari huo kwa juu na chini. Basi huo ni F.

Hayo mawili yakishakaa, mengine yote huhesabiwa. Katika ufunguo wa G, nafasi nne kutoka chini ni F, A, C, E, na mistari ni E, G, B, D, F. Katika ufunguo wa F, nafasi ni A, C, E, G, na mistari ni G, B, D, F, A. Ile C ya katikati ya kinanda huandikwa kwa mstari mdogo wa ziada, mmoja chini ya mistari ya ufunguo wa G au mmoja juu ya mistari ya ufunguo wa F, na sehemu hizo mbili ni sauti ileile moja. Sipendekezi mtu akae wiki nzima akikariri orodha hizi. Ajue G, F na C ya katikati, halafu aingie kwenye swali linalofuata, ambalo kwa mwanakwaya ndilo lenye faida zaidi.

Nitajuaje do iko wapi?

Hapa ndipo anayejua sofa hugundua kwamba njia ameshaivuka nusu. Tazama alama zilizopangwa karibu na ufunguo mwanzoni mwa kila mstari wa muziki. Zikiwa ni shapu (♯, alama inayopandisha nota nusu toni), ile ya mwisho upande wa kulia ni ti, na do iko hatua moja juu yake. Zikiwa ni flati (♭, inayoishusha nusu toni), ile ya mwisho ni fa, nawe ushuke fa, mi, re, do. Flati zikiwa mbili au zaidi kuna njia fupi: ile iliyo kabla ya mwisho ndiyo do yenyewe. Flati moja peke yake maana yake do ni F, na pasipo alama yoyote do ni C. Shapu hujitokeza daima kwa mpangilio wa F, C, G, D, A, E, B, na flati kwa mpangilio huohuo uliogeuzwa, kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha.

Tuchukue wimbo wenye flati moja, ambao kwa sauti za watu wengi hukaa vizuri. Do ni F, na katika ufunguo wa G, F iko nafasi ya kwanza. Sasa angalia: mi iko nafasi ya pili, so iko nafasi ya tatu, na ti iko nafasi ya nne. Do ikikaa kwenye nafasi, mi na so nazo hukaa kwenye nafasi zilizo juu yake bila kuruka hata moja. Do ikihamia kwenye mstari, kama katika wimbo wenye shapu moja ambapo do ni G ya mstari wa pili, mi huenda mstari wa tatu na so mstari wa nne. Umbo hilo la do, mi, so, iwe mistari mitatu au nafasi tatu zinazofuatana, ndilo linalojitokeza mara nyingi kuliko jingine katika nyimbo za kanisani, na jicho likishalizoea, re, fa na la huonekana zenyewe kati yake.

Besi wafanye vivyo hivyo kwenye ufunguo wa F. Katika wimbo huohuo wa do ni F, do yao ya chini iko chini kabisa ya mstari wa kwanza, mi iko nafasi ya kwanza, so iko nafasi ya pili, na do ya juu iko mstari wa nne. Mazoezi ya kwanza ninayoyapendekeza ni haya: chukua wimbo ambao tayari unaujua kwa moyo, tafuta do, kisha ufuate kwa kidole sauti yako ukiimba silabi za sofa badala ya maneno. Usianze na wimbo mgeni.

Jambo moja la kuangalia ni nyimbo za huzuni, kama zile za Kwaresima, ambazo mara nyingi huanzia na kuishia kwenye la. Alama za mwanzoni hubaki zilezile na do hupatikana kwa njia ileile. Ni makao ya wimbo tu yaliyohamia la.

Nota ninazitambua, lakini bado naimba vibaya. Tatizo ni nini?

Mara nyingi tatizo ni mapigo. Anayekosea sauti moja husahihishwa na jirani yake kabla ya mstari kwisha, lakini anayekosea muda huivuruga safu nzima. Wanaoanza hutumia nguvu nyingi kwenye majina ya nota na kidogo mno kwenye muda wake, na mimi ningegeuza: anza na mapigo kabla ya kutoa sauti yoyote.

Nota nzima, iliyo duara tupu lisilo na mkia, hushikwa mapigo manne. Nusu nota, duara tupu lenye mkia, ni mapigo mawili. Robo nota, iliyojazwa wino, ni pigo moja. Thumuni, yenye bendera moja au iliyounganishwa na mwenzake kwa kijiti, ni nusu pigo. Kila moja ina alama yake ya kimya yenye urefu uleule, na kimya huhesabiwa kwa uangalifu uleule kama sauti. Tarakimu mbili za mwanzoni husema kila kipimo, yaani sehemu iliyo kati ya mistari wima miwili, kina nini: 4/4 ni robo nota nne na 3/4 ni robo nota tatu. Katika 6/8 kuna thumuni sita, lakini zinasikika kama mapigo mawili makubwa yenye thumuni tatu kila moja, na ngoma zetu nyingi zinatembea hivyo.

Nukta inayowekwa kulia mwa nota huiongezea nusu ya urefu wake, na robo nota yenye nukta ndiyo inayowaangusha wengi. Tuseme kipimo cha 4/4 kina robo nota yenye nukta, thumuni moja, kisha nusu nota. Hesabu kwa sauti ukipiga meza: *moja na mbili na tatu na nne na*. Nota ya kwanza inaanza kwenye "moja" na kushikwa hadi "mbili" ipite. Thumuni inaingia kwenye ile "na" iliyo baada ya mbili. Nusu nota inaanzia "tatu" na kumalizia kipimo. Wengi huiwahisha thumuni na kuiingiza kwenye "mbili" yenyewe, na wimbo wote hugeuka kuwa wa robo nota tupu. Tamka maneno ya wimbo kwa mapigo hayo bila kuimba, mara kadhaa, mpaka mkono usisite. Ndipo uimbe.

Alama ya kasi, kwa mfano robo nota = 60, maana yake ni mapigo 60 kwa dakika, yaani pigo moja kwa kila sekunde, na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde inatosha kukuonyesha.

Je, niandike majina ya nota kwa penseli juu ya kila nota?

Hapana. Ukiandika, jicho litasoma penseli na kuziacha nota. Andika do ya kuanzia, na do mpya pale wimbo unapohama, basi.

Mimi ni teno. Mbona sauti yangu mara iko kwenye ufunguo wa G, mara kwenye ufunguo wa F?

Inategemea wimbo umechapwaje. Sauti nne zikibanwa kwenye safu mbili za mistari mitano, soprano na alto hukaa pamoja juu kwenye ufunguo wa G, na teno na besi hukaa pamoja chini kwenye ufunguo wa F. Hapo mkia ndio unaowatenganisha: mikia ya soprano na ya teno huelekea juu, mikia ya alto na ya besi huelekea chini. Kila sauti ikipewa safu yake, teno huandikiwa ufunguo wa G wenye 8 ndogo chini yake, na tarakimu hiyo inasema uimbe oktavu moja chini ya kilichoandikwa. Wachapaji wengine huisahau hiyo 8, na wanaume wanaimba chini vilevile bila kuulizana.

Lazima niwe na kinanda?

Si lazima, ingawa kinanda husaidia kuona kile ambacho sikio linasikia. Kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, kuna nusu toni tu. Kwingine kote ni toni nzima. Ukianzia C, mapengo hayo mawili ndiyo mahali ambapo vibonye vyeupe vimekaa bila cheusi katikati. Programu ya kinanda kwenye simu inatosha kwa kazi hii na hufanya kazi hata umeme ukikatika. Kwa kutoa sauti ya kuanzia, walimu wengine hutumia kile chuma chenye pembe mbili kinacholia A ya hertz 440, kipimo kilichokubaliwa kimataifa, kisha wanahesabu kwa koo kutoka A hadi do ya wimbo.

Neno moja kwa wapiga vinanda. Vinanda vya umeme vina kitufe cha kuhamisha sauti, kinachomwezesha mtu kucheza vidole vya C huku kinanda kikitoa E au A flati. Kwenye ibada chenye kuokoa jahazi ni hicho, lakini anayejifunza kusoma akikizoea hatajua kamwe shapu nne zina maana gani, kwa kuwa anachokiona, anachokibonyeza na anachokisikia havitalingana. Kizimwe wakati wa kujifunza.

Je, nyimbo zetu za asili za Kisukuma zinaandikika kwa nota?

Zinaandikika kwa sehemu kubwa, na ni kazi nzuri inayohitaji watu. Bujora, pale Kisesa, ambako Padri David Clement kutoka Kanada aliweka makumbusho ya utamaduni wa Wasukuma, ngoma na nyimbo za asili zimeingia hadi ndani ya kanisa, na kila mwaka Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, huwaleta pamoja wachezaji wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, kushindana. Anayesikiliza pale atatambua mara moja ugumu wake: kiongozi anateleza kati ya sauti mbili bila kutua kwenye mojawapo, ngoma ina milio kadhaa isiyo na jina la herufi, na wapigaji hukutanisha mapigo mawili na matatu kwa wakati mmoja.

Rekodi kwanza, kisha uandike. Ukishindwa kuamua kama wimbo ni wa 3/4 au wa 6/8, tazama miguu ya wachezaji: ikigusa ardhi mara mbili katika kila mzunguko wa thumuni sita, andika 6/8. Andika pia kwa maneno ya kawaida, pembeni, yale ambayo nota haziwezi kuyasema. Karatasi isiyo na maelezo hayo itaimbwa na wageni kama wimbo wa tenzi, na wazee wenye wimbo hawataujua.

Itanichukua muda gani, na je, umri wangu umepita?

Umri haujapita. Watu wazima husoma taratibu kuliko watoto mwanzoni, lakini wana faida ya kujua nyimbo nyingi, na kila wimbo unaoujua ni kitabu cha mazoezi. Robo saa kila siku ina nguvu kuliko saa tatu za Jumamosi moja. Anayefuata utaratibu huo kwa miezi michache ataweza kufuata sauti yake katika wimbo rahisi. Kusoma wimbo mgeni papo hapo huchukua zaidi, na hutegemea umeimba nyimbo ngapi ukiwa na karatasi mkononi badala ya kuikunja mfukoni.

Kwa anayetaka masomo rasmi, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo hufundisha muziki, na Zanzibar kuna chuo cha Dhow Countries Music Academy. Wapo pia wanaofanya mitihani ya ABRSM ya Uingereza, yenye madaraja manane. Kwa mwanakwaya wa kawaida, mwalimu mmoja mwenye subira katika parokia au usharika anatosha.

Karatasi tunazopewa zimetolewa kopi juu ya kopi. Nitatofautishaje nukta na uchafu wa mashine?

Swali hili linaonekana dogo, lakini ni la kila wiki. Jumlisha mapigo ya kipimo. Kama ni 4/4 na nota zote zinafika manne bila ile nukta, huo ni uchafu; kama zinafika matatu na nusu, nukta ni ya kweli. Nukta ya kurefusha hukaa kulia mwa nota, na ikiwa juu au chini yake, hiyo ni alama ya kuikata fupi. Alama za mwanzoni zikiwa zimefutika, nenda mwisho wa wimbo utazame besi: kwa kawaida nota yao ya mwisho ni do, au la kama wimbo ni wa huzuni. Ikiishia kwenye F na mwanzoni huoni chochote, karibu hakika palikuwa na flati ya B, na ndiyo maana fa yako ilikuwa ikipanda juu kupita kiasi. Irudishie kwa kalamu mwanzoni mwa kila mstari kabla kopi nyingine hazijatolewa.